Swali la Kwanza Barabarani: Hotuba kwa Maofisa wa Polisi Kuhusu Maandamano Yasiyo na Kibali

Makamanda wa vituo mliofika, maofisa wa vyeo vyote, viongozi wa dini, vijana mliokubali kuketi ukumbi mmoja na polisi, mabibi na mabwana, hamjambo. Itifaki imezingatiwa. Nawashukuru walionialika, kwa sababu wakili na ofisa wa polisi mara nyingi hukutana kizimbani, mmoja akiuliza maswali na mwingine akiyakwepa. Leo tuzungumze kabla mambo hayajafika huko.

Sentensi ya redioni mnaijua kuliko mimi: "Kuna kundi barabarani, halina kibali." Ikishasemwa hiyo, mambo huenda mbio. Lori linajazwa. Kofia za chuma zinavaliwa, ngao zinagawiwa, masanduku ya vitoa machozi yanapakiwa. Dakika ishirini baadaye watu wanakimbia, maduka yanafunga milango ya chuma, na mama aliyeshuka matatu akielekea kliniki amejibanza ukutani na mtoto mgongoni, macho yanawaka. Na katika mlolongo huo wote, hakuna aliyeuliza lile kundi lilikuwa linafanya nini.

Nimekuja kuwaomba mlibadilishe swali la kwanza. Lisiwe "Wana kibali?" Liwe "Wanafanya nini?" Siwaombi kwa huruma. Nawaomba kwa sheria, sheria ile ile mliyoapa kuilinda.

Tuanze na Katiba yetu ya Kenya ya 2010. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kufanya mgomo wa kupinga jambo na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, almuradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Masharti ni hayo mawili tu. Amani, na kutobeba silaha. Isomeni tena usiku wa leo mkitaka, hamtaona mahali panapotajwa kibali.

Kisha ipo Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, kifungu cha 5. Hii ndiyo mnayoitumia, na najua wengi wenu mnaamini humo ndimo kibali kilimo. Hakimo. Kifungu kinamtaka mwandalizi ampe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, taarifa, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Anaandika jina lake na anwani, tarehe, saa na mahali au njia watakayopita. Shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. OCS anatakiwa kuweka rejista ya taarifa hizo, rejista iliyo wazi kwa umma. Akikuta mtu mwingine ameshatoa taarifa ya mahali hapo hapo na saa hiyo hiyo, anamjulisha mwandalizi kwa maandishi. Huo ndio utaratibu. Anayetoa taarifa hapigi magoti kuomba ruhusa. Anakueleza ili ujipange: ufunge barabara gani, uwaelekeze wenye magari wapi, uwaweke wapi askari wa kuwalinda waandamanaji wasivamiwe.

Kibali kilikuwapo zamani, na ni vizuri tukumbuke kilituletea nini. Enzi za ukoloni na miaka mingi baada ya uhuru, mkutano ulihitaji leseni ya serikali. Mwaka 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walipoitisha mkutano wa Kamukunji kudai vyama vingi, leseni ilikataliwa na wao wenyewe wakawekwa kizuizini siku chache kabla. Watu walikwenda hata hivyo, tarehe 7 Julai, na damu ikamwagika. Miaka saba baadaye, Saba Saba ya 1997, askari waliwafuata watu hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints hapa Nairobi na kuwapiga humo humo. Ni baada ya fedheha hiyo ndipo wabunge walipokubaliana, mwishoni mwa mwaka huo, kuifuta leseni na kuweka taarifa mahali pake. Kwa hiyo ofisa anayesema leo kwamba fulani hana kibali anadai karatasi ambayo Bunge liliifuta mwaka 1997. Wapo askari humu ambao hawakuwa wamezaliwa.

Wala hatuko peke yetu. Ghana, Mahakama ya Juu iliondoa sharti la kibali cha polisi mwaka 1993. Tanzania, Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi mwaka huo huo katika Mahakama Kuu ya Dodoma, na Jaji Lugakingira akaamua kwamba kumtaka raia aombe kibali ili akutane na wenzake ni kinyume cha Katiba. Zambia ikafuata katika muongo huo. Nigeria, Mahakama ya Rufaa ilisema vivyo hivyo mwaka 2007. Uganda, Mahakama ya Katiba iliwanyang'anya polisi uwezo wa kupiga marufuku mikutano mwaka 2008, na sheria mpya ilipourudisha kwa mlango wa nyuma, mahakama hiyo hiyo ikakifuta kifungu husika Machi 2020. Majaji wa nchi tofauti, wenye katiba tofauti, wamefika mahali pamoja. Katika vituo, hata hivyo, mazoea yana nguvu kuliko hukumu. Niliwahi kusubiri hadi usiku katika kituo kimoja nikitafuta vijana waliokamatwa mchana, na nilipoonyeshwa OB, kitabu cha matukio cha kituo, mbele ya kila jina palikuwa pameandikwa kosa: kuandamana bila kibali. Nilimwomba ofisa wa zamu anionyeshe kifungu. Alikuwa mtu muungwana, hakunifokea. Alisema tu, "Wakili, hivi ndivyo tunavyoandika."

Sasa najua swali lililo vinywani mwenu, maana ni swali la haki. Na kama hata taarifa haikutolewa? Kama watu wamejitokeza tu barabarani, OCS hana karatasi mezani, hajui njia wala kiongozi?

Sitawaficha. Sheria ya Utulivu wa Umma inasema mkutano au maandamano yanayokwenda kinyume na kifungu hicho yaweza kuhesabiwa kuwa mkusanyiko haramu. Kasoro ipo, na mwandalizi aweza kushtakiwa. Lakini tazameni sheria inamtaka ofisa afanye nini papo hapo. Ili ayasimamishe, anapaswa kuwa na cheo cha inspekta au zaidi, na sheria inazungumzia hatari ya wazi, iliyopo au iliyo karibu kutokea, ya kuvunjwa kwa amani. Karatasi iliyokosekana haivunji amani ya mtu. Mawe yanaivunja. Moto unaivunja. Ndiyo maana nasema swali la kwanza ni wanafanya nini.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, na Katiba yetu, Ibara ya 2, inaufanya kuwa sehemu ya sheria za nchi. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayousimamia mkataba huo, ilitoa ufafanuzi mwaka 2020: kutotoa taarifa, peke yake, si sababu ya kutawanya mkutano wala kumkamata aliyehudhuria. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangulia kusema hivyo katika miongozo yake ya mwaka 2017, ile iliyoandikwa mahsusi kwa ajili ya polisi wa bara hili. Inatambua pia kwamba kuna maandamano ya ghafla. Mtoto akigongwa na lori mbele ya shule, wazazi hawataketi siku 3 wakisubiri taarifa yao ikomae. Watatoka siku hiyo hiyo, na wana haki ya kutoka.

Afrika Kusini jambo hili lilifika mbali zaidi. Mwaka 2013 wanaharakati walijifunga minyororo kwenye vyuma nje ya ofisi za jiji la Cape Town wakidai vyoo kwa ajili ya mitaa ya mabanda. Sheria yao ilitaka taarifa kwa mkusanyiko wowote unaozidi watu 15, na kutoitoa lilikuwa kosa la jinai. Walipanga wasizidi 15, wengine wakajiunga, wakashtakiwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ikafuta kosa lenyewe. Sharti la kutoa taarifa lilibaki, maana linawasaidia polisi kujipanga. Kilichoondoka ni kumfanya mtu kuwa mhalifu kwa sababu hakuitoa. Ningependa sana Bunge letu lifikirie njia hiyo.

Nije kwenye nguvu, maana hapo ndipo watu wanapokufa.

Mwaka 1990, mjini Havana, Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za msingi za matumizi ya nguvu na silaha. Kanuni ya 13 iliandikwa kwa ajili ya hali hii hii tunayoizungumza: mkusanyiko usio halali lakini usio na vurugu. Inasema polisi waepuke nguvu, na isipowezekana kuepuka, watumie kiasi kidogo kabisa kinachohitajika. Naomba mliweke hilo kichwani. Kanuni ilikwisha kukubali kwamba mkusanyiko si halali, na bado ikasema epukeni nguvu. Na nguvu ikitumika, inaelekezwa kwa yule anayefanya fujo. Vijana watatu wakirusha mawe nyuma ya kundi la watu elfu, hao watatu ndio wa kushughulikiwa. Wale wengine hawajapoteza haki yao kwa sababu ya mikono isiyo yao.

Bunduki haina nafasi katika kutawanya watu. Hairuhusiwi ila pale njia nyepesi zaidi hazitoshi, hasa kuokoa maisha yaliyo hatarini, na Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linawaeleza hivyo, pamoja na mambo mengine ambayo nitayasema polepole kwa sababu yanawahusu ninyi binafsi. Ukitumia nguvu na mtu akaumia, unampatia matibabu na unawajulisha jamaa zake. Akifa au akiumia vibaya, IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, inaarifiwa mara moja na mahali pa tukio panalindwa. Ofisa aliyevaa sare huvaa jina lake au namba yake wakati wote. Na amri ya mkubwa haikuokoi kama nguvu uliyotumia ilikuwa kinyume cha sheria. Afande aliyekuamuru kwa redio hatasimama nawe kizimbani. Utasimama peke yako.

Niwaonyeshe makosa yanapoanzia, kwa sababu huanza mapema, na huanza katika mambo madogo.

Kamanda anasimama mbele ya kundi na kipaza sauti cha mkononi. Anasema, "Tawanyikeni." Wanaomsikia ni safu tatu za mbele. Nyuma yao watu wanaimba, wanapuliza vuvuzela na firimbi, hawajui hata kama kuna polisi. Walio mbele hawawezi kurudi kwa sababu walio nyuma wanasukuma. Dakika mbili zinapita, kamanda anaona wamekaidi, anaamuru kitoa machozi. Hawakukaidi. Wengi hawakusikia, na waliosikia hawakuwa na pa kupita. Tangazo linapaswa kurudiwa, kutoka zaidi ya mahali pamoja, kwa lugha wanayoielewa, na liseme njia ya kutokea iko wapi. "Shukeni kwa barabara hii, iko wazi." Halafu barabara hiyo iwe wazi kweli. Mara ngapi tumeona kikosi kimoja kinawafukuza watu kuelekea kikosi kingine? Mtu aliyezibiwa pande zote hana budi kupambana, na hapo ofisa anaandika kwenye ripoti kwamba umati uligeuka kuwa wa vurugu.

Kitoa machozi chenyewe kimefanywa kuwa kama maji ya kunywa. Hicho hutumika mahali pa wazi penye njia za kutokea, pale vurugu inapokuwa imeenea kiasi kwamba huwezi kumshughulikia mmoja mmoja. Hakirushwi ndani ya jengo, wala darasani, wala kwenye gari lililojaa abiria. Na hakifyatuliwi kumlenga mtu. Kopo la chuma likitoka kwenye mtutu na kumpiga mtu kichwani linaweza kumuua. Katika karatasi bado litaitwa silaha isiyo ya kuua. Risasi za mpira ni hivyo hivyo: zikipiga jicho, jicho limekwenda.

Historia imeshatupa hesabu. Sharpeville, Afrika Kusini, tarehe 21 Machi 1960, watu walikwenda kituo cha polisi bila pasi zao, vile vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba, wajitoe wakamatwe. Polisi walifyatua risasi, wakaua watu 69, wengi wao wakipigwa mgongoni. Marikana, nchini humo humo, tarehe 16 Agosti 2012, wachimba migodi ambao mgomo wao haukuwa na kinga ya sheria waliuawa 34 kwa siku moja. Nusu yao hawakuuawa mbele ya kamera. Waliuawa baadaye, kwenye miamba walikokimbilia. Tume ya Jaji Farlam, iliyochunguza mauaji hayo, iliona kwamba bunduki za kivita aina ya R5 hazifai katika kazi ya kudhibiti umati. Na kwetu, katika maandamano ya Juni na Julai 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 60. Kila nikiitaja hesabu hiyo nafikiria mama aliyekuwa akipiga simu ya mwanawe jioni hiyo, inaita, haipokelewi.

Sisemi kwamba waandamanaji ni malaika. Tarehe 25 Juni mwaka huo watu waliingia Bungeni, mali ikachomwa, maofisa wakajeruhiwa. Aliyechoma ashtakiwe, ushahidi upelekwe mahakamani, afungwe akipatikana na hatia. Najua pia askari anayesimamishwa barabarani tangu alfajiri, hajala, hajalala, amevaa kofia nzito juani, akitukanwa na kurushiwa chupa. Kumpeleka mtu huyo mbele ya umati bila kumpumzisha ni kosa la wakubwa wake, na ni lazima lisemwe. Askari aliyechoka hukasirika upesi. Anayefundishwa kudhibiti umati kwa wiki moja hana la kukumbuka ila rungu.

Vijana hawa wa sasa wamewaletea jambo jipya, na ninalitaja kwa sababu mtalikuta tena. Hawana kiongozi. Wanapanga kwa simu, kila mmoja anajiita mwenyewe. Julai 2024 polisi walipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi wakisema hakuna kiongozi wa kuzungumza naye, na Mahakama Kuu ikaisitisha amri hiyo siku iliyofuata. Ugumu wenu naufahamu: sheria ilidhani kuna mwandalizi atakayekuwapo kuwasaidia kutunza amani, na hayupo. Lakini haki ya Ibara ya 37 ni ya kila mtu, haikukabidhiwa viongozi. Pale pasipo mwandalizi, wapo watu wengine wa kuongea nao. Yuko binti mwenye kipaza sauti, wako madaktari wa kujitolea wenye fulana nyeupe, wako mawakili, wako waandishi wa habari. Tumeni ofisa mmoja, asiye na rungu mkononi, mwenye jina lake kifuani, akawaulize wanakwenda wapi na watamaliza saa ngapi. Mara nyingi atajibiwa.

Kuna wengine ambao sitaki muongee nao. Wale wenye marungu na mijeledi, wasio na sare, wanaotembea kando ya polisi na kuwapiga watu wakipora simu. Raia anapoona ofisa amesimama hatua chache kutoka kwao na hamkamati hata mmoja, imani yote aliyokuwa nayo kwa sare inaisha siku hiyo, na miaka mia ya semina kama hii haitairudisha. Wakamateni.

Kuhusu ukamataji, kwa kifupi. Aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kumpata wakili, afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, kama Ibara ya 49 inavyosema. Aandikwe katika OB ya kituo alichopelekwa. Kuwazungusha vijana kutoka kituo hadi kituo ili wazazi wasiwapate ni jambo ambalo hakuna sheria yoyote inayolitetea.

Nanyi vijana, mlioketi upande huu. Mkiweza kutoa taarifa, toeni. Ipelekeni kwa OCS mapema, na mpate nakala iliyogongwa muhuri. Akikataa kuipokea, andikeni jina lake, saa, na mlango mliofukuziwa, kisha mumpelekee wakili maandishi hayo. Karatasi hiyo haiwapi haki ambayo hamkuwa nayo, ila itawasaidia sana mbele ya jaji, na itamwondolea kamanda sababu. Anayetia moto maduka si mwenzenu, mtoeni kati yenu mapema.

Nina ombi moja kwa makamanda wa vituo kabla ya maswali. Mkirudi kesho, fungueni ile rejista ya taarifa ambayo sheria inawataka muwe nayo. Najua katika vituo vingine haipo. Iwekeni mezani mwananchi anapoweza kuiona, na mbandike ukutani namba ya simu ya ofisa atakayepokea taarifa za maandamano, mchana na usiku. Kisha, siku redio itakaposema kuna kundi barabarani, mumtume huyo ofisa kwanza, kabla ya lori. Sasa naomba maswali, tuanze na dada pale nyuma aliyeinua mkono muda mrefu.